Mishubiri Haina Kiu

Mishubiri ilikuwa imepangwa dirishani sebuleni, kila mmoja na chungu chake na kisahani chini yake, na yote ilikuwa inaoza. Mama Vyungu, aliyepata jina hilo kwa sababu ya kitalu chake cha mimea, alivua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya dirisha na kubinya jani moja kwa vidole viwili. Lilikuwa la manjano, limelegea, linapitisha mwanga kama ganda la kitunguu. Likanyofoka, likabaki mkononi mwake likichuruzika maji.

Aliuliza mimea inamwagiliwa mara ngapi. Mwenye nyumba, mwanamke mwepesi wa mikono aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, alisema yeye humwagilia anapokumbuka, na kukumbuka kwenyewe ni kwa nadra. Mumewe, aliyekuwa akitazama mpira bila sauti, akaunga mkono.

Mama Vyungu alieleza kama alivyozoea kuwaeleza wateja. Jani likisinyaa na kukunjamana, mmea una kiu. Likipata mabaka makavu ya kahawia, limeungua jua. Likiota vidudu vyeupe mfano wa pamba, lipanguswe kwa spiriti. Lakini jani likivimba, likalegea, likadondoka kwa kuguswa tu, maji yamezidi, na ugonjwa wenyewe hauko kwenye jani, uko chini. Alichomoa mmea chunguni. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama tambara la deki lililosahauliwa ndooni. Akakata iliyooza kwa kisu safi, akailaza mishubiri kivulini juu ya gazeti ili vidonda vikauke. Akaagiza kwamba ikishakauka ipandwe kwenye mchanga na kokoto, na isionje tone mpaka atakaporudi.

Aliporudi, mchanga ulikuwa chepechepe na visahani vimefurika hadi pazia limelowa.

Hakupenda kumwita mteja mwongo. Aliomba tu akae kidogo, ajionee. Mwenye nyumba akamletea chai, wakaongea habari za majirani. Alasiri, jua lilipofika kwenye zulia, mlango wa jikoni ulifunguka na mama wa mwenye nyumba akaingia, amevaa gauni la kulalia na kushika kikombe cha bati. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mkwewe aliinua miguu ili apite. Binti yake akamsogezea kikapu cha nguo pembeni.

“Shikamoo, mama,” alisema Mama Vyungu.

“Marahaba, mwanangu.”

Marehemu alimwagilia chungu cha kwanza mpaka kikombe kikaisha, akarudi jikoni kujaza, akaja kwenye cha pili.

Mama Vyungu alimuuliza mwenye nyumba kwa nini hakumwambia. Mwenye nyumba alijibu kwamba aliulizwa habari za mimea, na yeye akasema anavyomwagilia yeye. Habari za mama hakuna aliyeziuliza. Mama Vyungu alikubali kwamba hapo kosa lilikuwa lake. Akamgeukia marehemu, maana katika kazi ile mtu huzungumza na yule anayeshika maji. Alimweleza taratibu kwamba mimea ya namna hii huweka akiba ndani ya majani yake, na ukiizidishia unaiua kwa mapenzi.

“Mishubiri haina kiu, mama. Inazama.”

Marehemu alisimama na kikombe chake. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na ngozi ya mikono imekunjamana. Mama Vyungu aliitazama ngozi ile kwa macho ya kazi yake, na akajua anachokitazama kabla hajaambiwa.

“Kiu huijui wewe,” alisema marehemu. “Wiki zangu za mwisho walikuwa wananipa kijiko asubuhi, basi. Nisije nikalowesha shuka.”

Mama Vyungu alisubiri mtu akane. Hakuna aliyekana. Mume aliendelea na mpira wake. Mwenye nyumba alikunja shuka pembe kwa pembe, akalilaza juu ya mengine.

“Nilikuwa nafua kila siku, dada,” alisema. “Mgongo ukaniisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.”

Mama Vyungu alitaka kuweka chai mezani, akaikosa meza. Chai ilimwagika kwenye zulia na mwenye nyumba akaifuta papo hapo. Ndipo kikohozi kikavu kikasikika kutoka chumba cha nyuma.

Huyo ni baba, alieleza mwenye nyumba. Hajiwezi siku hizi.

Mama Vyungu aliinuka bila kuomba ruhusa. Mzee alikuwa amelala chali juu ya shuka safi kabisa, ulimi umegandamana na kaakaa. Glasi ya maji ilikuwa juu ya kabati la nguo, imefunikwa kwa kisahani vumbi lisiingie. Marehemu alikuwa amemfuata nyuma, na Mama Vyungu akamuuliza kwa nini asimpe mumewe kikombe kile. Marehemu akajaribu. Alikiinamisha mdomoni mwa mumewe. Maji yalimwagika, yakapita kwenye midomo ya mzee na kwenye mto, na hakuna kilicholowa. Maji yake yalishika udongo tu, na hayakulowesha kitu kabla ya kupita chunguni.

“Ndiyo maana nawapa hawa wa dirishani,” alisema.

Mama Vyungu alishusha glasi na kumnywesha mzee. Alikunywa huku amemshika kifundo cha mkono, na glasi ilipokwisha hakumwachia. Kutoka mlangoni, mwenye nyumba aliomba kwa adabu kwamba mgeni asimpe tena. Shuka lilikuwa limetoka kufuliwa.

Kwa mimea, dawa ilipatikana. Mama Vyungu alipeleka chungu kikubwa cha mafunjo, mmea usioshiba maji, akamwomba marehemu ahamie kwenye huo, naye akaridhia. Kwa mzee alipita kila siku akisingizia kukagua majani, mpaka mlango ukawa haufunguliwi. Alimwendea kaka wa mwenye nyumba, fundi viatu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho na misumari midomoni, kisha akaitema kiganjani na kusema kwamba uzito wa mzigo anaujua aliyeubeba, na dada yake hajawahi kulalamika.

Baadaye mwenye nyumba alikuja mwenyewe kitaluni. Mama Vyungu alikuwa akimwagilia miche. Mteja wake alishukuru sana: mishubiri imepona, majani yamekaza, hata majirani wanaomba vichipukizi. Alitaka chungu kingine cha mafunjo.

“Kile kimoja hakitoshi?”

“Sasa wanakuja wawili,” alisema mwenye nyumba.

Mama Vyungu alibaki ameinamisha ndoo. Maji yalimwagikia miguuni, yakajaa viatuni, na hakuisogeza ndoo wala miguu. Mwenye nyumba alingoja kwa subira hadi ikaisha. Kisha akauliza kama anaweza kupata chungu kisicho na tundu chini, maana sakafu inalowa.