Makaburi Mawili ya Kasiani

Siku ya kumzika Kasiani makaburi yalikuwa mawili na maiti mmoja, na balaa lote lilianzia hapo. La kwanza lilichimbwa na vijana waliotumwa na dada yake, Magdalena, kule juu kwenye makaburi ya ukoo, ubavuni mwa mama yao. La pili lilichimbwa na vijana waliotumwa na Stephano, mkuu wa ukoo, kule chini barabarani, kwenye kona ya kuteremkia Matombo. Makundi hayo mawili yalikutana asubuhi yakirudi na majembe mabegani. Wakatazamana, wakaulizana, jamani, nani mwingine amekufa?

Magdalena habari ilimkuta penye mafiga, anasimamia wali wa msiba.

"Hilo la barabarani ni la nani?" aliuliza.

"Ni la Kasiani huyohuyo, mwenzangu," alisema Felista, katibu wa kwaya, shoga yake wa tangu ujana. "Stephano kasema halali na wazee."

Magdalena aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akajifunga kanga kiunoni. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mlezi wa kwaya ya kigango, mama ambaye hata katekista humwomba ruhusa kabla ya kurefusha mahubiri. Mungu alimpa mwili mdogo na sauti nzito ajabu. Kwenye kwaya aliimba sauti ya nne pamoja na wanaume, na wanaume wenyewe noti ikishuka sana humwachia yeye, wao wakabaki kufumbua midomo tu.

Alimkuta Stephano chini ya turubai.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Shikamoo ya nini? Unamchimbia mjomba wako shimo la taka barabarani, halafu unaniamkia?"

"Mama mkubwa, si mimi. Ni kiapo." Stephano alishusha sauti, maana waombolezaji walishaanza kutega masikio. "Mabibi na wajomba waliapa, wewe mwenyewe ulikuwepo. Kichwa cha genge lile hakilali na mama zetu. Mjomba ni mjomba, lakini nikivunja kiapo cha ukoo, watoto wakianza kuugua atalaumiwa nani? Mimi!"

Magdalena alikaza fundo la kanga. Kiapo alikijua kuliko Stephano. Alikijua kwa sababu kiliapiwa kichwa chake, ila walioapa hawakujua.

Maana hadithi wanayoijua wote ni hii. Miaka ya themanini, wakati sabuni ilitafutwa kama dhahabu, ndugu wawili, Kasiani na Amosi, walikuwa wakiteka malori na mabasi usiku kwenye ile kona. Walikuwa wakiwavua watu viatu ili wasiweze kukimbia kwenye changarawe, kisha wanachukua sukari, sabuni, betri na vitenge. Asubuhi viatu vyote vilikutwa pembeni ya barabara, vimepangwa kwa ukubwa, kila kimoja na mwenzake. Ndiyo maana mpaka leo panaitwa Kona ya Viatu. Siku moja wakateka mabati ambayo kumbe yalikuwa ya ghala la kijiji chao wenyewe. Hapo ukoo ukaona hii sasa si kazi, ni laana, ukaapa. Polisi walipokuja, Kasiani alisema mkubwa ni yeye, akala miaka kumi na ushee gerezani. Amosi, mkia wa genge, alikufa kwa homa akazikwa na wazee bila neno.

Sasa mwanamume gani, enyi watu, anaweza kupanga viatu vya basi zima kwa ukubwa, gizani, bila kukosea pea? Miaka arobaini hakuna aliyejiuliza. Mkubwa alikuwa dada yao. Yeye ndiye aliyekaa migombani na kutoa amri, haonekani, inasikika sauti tu. Yeye ndiye aliyekosea lori la mabati, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma kuliko dhambi zake zote. Mtu wa kazi nzuri namna ile, kuteka kijiji chake!

Alipokwenda kumwona Kasiani gerezani mara ya kwanza, alikusudia kujisalimisha. Kasiani alimkatalia. "Una watoto, dada," alimwambia. Halafu akajikuna kidevu, akaongeza, "Halafu usininyang'anye. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa mkubwa wa kitu chochote." Mpaka leo Magdalena hakujua ndugu yake alimwokoa kwa mapenzi au kwa kutaka cheo. Alimpenda kwa yote mawili.

Na mtu huyo ndiye wanayetaka kumtupa barabarani, malori yamtimulie vumbi mpaka siku ya kiyama. Kitu alichomwomba dada yake hospitalini kilikuwa kimoja tu, alazwe karibu na mama.

Sala ilipokwisha jeneza lilibebwa mpaka njia panda. Kulia unapanda makaburini, kushoto unashuka barabarani. Wabebaji wakasita, kila mmoja anavutia kwake, jeneza likawa linazunguka palepale. Katikati ya vurugu hiyo akatokea Ahmadi.

Ahmadi alikuwa mtani wao. Ukoo wake na wa kina Magdalena wametaniana tangu babu na babu, na mtani msibani ana kinga. Atasema lolote, atamwiga marehemu, atalizuia jeneza, na mtu haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unaonekana wewe ndiye mshamba. Isitoshe Ahmadi alikuwa dereva wa lori enzi hizo, na Kona ya Viatu alitekwa mara tatu. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki zaidi ya kumcheka Kasiani.

Alikuwa amevaa koti la marehemu, mkononi ameshika bomba la kujazia upepo baiskeli. Akajilaza kifudifudi mbele ya jeneza, akainuka, akaelekeza bomba kwa waombolezaji.

"Mikono juu! Mnaiona hii? Ndiyo bunduki ya Kasiani! Bomba la baiskeli, kalifunga kitambaa! Na baiskeli yenyewe hakuwa nayo!"

Watu wakaanza kucheka.

"Mnasema jambazi, jambazi! Jambazi gani anakuamkia kwanza? Nimelala kifudifudi, nimejikojolea, nasikia juu yangu, 'Shikamoo baba, samahani, tunaomba sukari.' Mimi na yeye rika moja! Na Amosi je? Siku moja nimepakia mbuzi, mmoja akalia mee, Amosi huyo, kapanda mgomba. Mgomba, jamani! Umeanguka naye!"

Vilio vyote vikawa vicheko. Hata Felista alikuwa ameshika mbavu. Magdalena alicheka na yeye, machozi yanamtoka, maana yote yalikuwa kweli tupu.

"Na leo nawapa siri kubwa," Ahmadi aliendelea, kanogewa. "Kasiani hajawa mkubwa wa genge hata siku moja! Huyu angeongoza nini? Kuku wake mwenyewe walikuwa wanalala kwa jirani! Mkubwa wa genge ni huyu hapa!" Akamwelekezea bomba Magdalena. "Mama Mlezi! Anavua watu viatu usiku, asubuhi anaimba kanisani!"

Magdalena aliutazama mdomo wa bomba. Alidhani dunia imeshafika mwisho. Lakini watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, katekista akavua miwani akafuta macho. Ahmadi mwenyewe alicheka kuliko wote, kwani alikuwa amechagua uongo mkubwa kuliko wote uliopita kichwani mwake.

Magdalena akaona anapona. Halafu, hata yeye hakujua imetoka wapi, akapandwa na hasira. Wanacheka nini? Usiku wote ule wa mvua, mipango yote ile, hakuna aliyeumizwa hata ukucha, leo anaonekana hawezi hata kusingiziwa?

"Haya mtani, Mungu akuweke," alisema Stephano akijifuta uso. "Jogoo wako wa kutuachia njia yupo. Sasa jamani, jeneza lishuke barabarani."

"Lisishuke!" Magdalena alipita mbele. "Ahmadi kasema kweli. Mkubwa nilikuwa mimi."

Mlipuko mwingine wa vicheko. Mtani akirusha, hurushiwa, ndivyo ilivyo, na mama mlezi kajibu barabara. Watu wakampigia makofi.

"Nasema kweli! Naapa mbele ya maiti!"

"Huyu mama atatuua leo!" alisema mtu, akacheka mpaka akakohoa.

Jeneza likaanza kushuka kushoto. Magdalena alilitazama linavyoondoka, akajua akinyamaza sasa amenyamaza milele. Aliuwekea mkono ubao wa jeneza.

"Nisamehe, mdogo wangu," alinong'ona. "Nakunyang'anya cheo."

Akavuta pumzi mpaka tumboni, kama afanyavyo kabla ya noti ya chini, akaitoa sauti ambayo miaka arobaini hakuwa ameitumia.

"ZIMA TAA! SHUKA! MDOMO CHINI, VIATU KUSHOTO!"

Mkono wa kulia wa Ahmadi ulizungusha ufunguo wa gari ambalo halikuwepo. Mzee mzima akaporomoka kifudifudi kwenye vumbi, akavua viatu bila kutazama, akavisukuma kushoto, kimoja na mwenzake. "Nimeshuka, mkubwa," alisema. "Usipige. Sukari iko nyuma."

Hakuna aliyecheka. Kuku alipita katikati ya watu, zikasikika hatua zake.

 Ahmadi akageuza shavu moja, bado amelala.

"Ndiyo yeye," alisema taratibu. "Haki ya Mungu, ndiyo sauti yenyewe. Magdalena! Miaka yote hii nakunywa chai kwako!"

"Na sukari sijakunyima hata siku moja," Magdalena alijibu. "Inuka, mtani, unachafua koti la marehemu."

Akamgeukia Stephano. Mkuu wa ukoo alikuwa amefungua mdomo, hajui aufunge vipi.

"Kiapo kinasemaje, mwanangu? Kiseme."

"Kichwa cha genge..." Stephano alianza. "Mama mkubwa, hakilali na mama zetu. Lakini wewe ni..."

"Mimi ndiye kichwa. Huyu ni mkia, kama Amosi. Mpelekeni kwa mama yake."

Stephano aliwatazama wazee, wazee wakatazama miguu yao. Kiapo hakina mlango wa nyuma. Akatikisa kichwa kukubali, na wabebaji wakaligeuza jeneza kulia.

Kasiani alizikwa ubavuni mwa mama yake, na kwaya iliimba bila zile noti za chini, kwa sababu wanawake walikuwa wamesogea mbali na Magdalena kana kwamba ana ndui. Hilo lilimchoma. Alikuwa ameitunza kwaya ile kama anavyotunzwa mtoto njiti, na sasa alijua Jumapili hatakalia kile kiti cha mbele cha mlezi. Alilia waziwazi, kwa ajili ya ndugu yake na kwa ajili ya kiti.

Felista peke yake ndiye aliyemfuata, naye kakunja uso.

"Lile basi nililopanda kutoka Morogoro mwaka ule," alisema. "Ile sukari ya harusi yangu. Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Magdalena! Sukari ya harusi!"

"Na nani alikuletea gunia la sukari siku ya kesha la harusi?"

Felista alifikiri. Akafikiri tena. "Mungu wangu," alisema, "nikakupigia magoti kukushukuru." Akamsonya msonyo mrefu, lakini hakuondoka.

Likabaki lile shimo la barabarani. Kaburi likichimbwa likaachwa wazi linaita mtu, kila mmoja pale alilijua hilo, kwa hiyo desturi ikafuatwa. Vijana walikata mgomba mnene, wakaubeba mpaka Kona ya Viatu, wauzike badala ya mtu. Nusu ya waombolezaji walishuka kushuhudia. Ahmadi alitembea mbele miguu mitupu, viatu mkononi, akidai hawezi kuvivaa mpaka mkubwa amruhusu.

"Vaa, mtani," alisema Magdalena. "Leo mnapita bure."

Wachache walicheka, kwa woga. Stephano alisimama ukingoni mwa kaburi, hamtazami usoni.

"Mama mkubwa," alisema, "kiapo ni kiapo. Siku yako ikifika..."

"Najua."

"Sitakuwa na la kufanya."

"Nimekuambia najua, mwanangu. Nimekulaumu?"

Mama yao alikuwa kule juu, na Amosi, na sasa Kasiani. Magdalena alitazama juu mara moja tu. Kisha akaitazama kona, migomba iliyokuwa mipya na ileile, barabara inavyopinda mpaka dereva analazimika kupunguza mwendo. Alipachagua yeye mwenyewe mahali hapa, kijana wa miaka thelathini na kidogo, na alipachagua vizuri.

Vijana waliinua mgomba, wakataka kuutupa tu shimoni.

"Taratibu!" aliwakemea, na wote wakashtuka. "Ulazeni vizuri. Unanishikia nafasi."