Dakika Tatu za Shangazi Odalie

Nasema kweli, adabu ndiyo iliyotuponza.

Tulijaa kwenye basi la kanisa kwenda Baton Rouge, makao makuu ya jimbo letu, kuutetea muswada wetu. Ulikuwa mfupi: marufuku kuzika hewa ya kaboni ya viwandani chini ya ardhi ya wilaya yetu. Ukipita kwenye kamati ya bunge la jimbo, unaendelea. Ukifia pale, kampuni inachimba shimo la kusukumia hewa hiyo nyuma ya nyumba ya shangazi yangu Odalie, karibu na kisima anachonywea maji tangu aolewe.

"Nani atasema?" aliuliza Ulysse, dereva wetu.

"Swali gani hilo? Mkubwa yupo, wewe ufumbue mdomo?" nikamkata.

Kwetu hakuna anayeropoka mbele ya mkubwa wake. Basi, mlangoni mwa ukumbi wa kamati kila mmoja alijaza kadi: naunga mkono, sitasema. Shangazi peke yake ndiye aliyeandikishwa kusema, dakika tatu.

Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akamkazia macho mwenyekiti wa kamati, akasoma kibao cha jina lake mezani.

"Landreneau wa wapi wewe, mwanangu?"

"Wa Mamou, bibi."

"Mamou! Basi bibi yako si Elmire, yule wa boudin, zile soseji za pilipili?"

Mwenyekiti akaangua kicheko. "Ndiye huyo! Ulimfahamu?"

"Nimfahamu? Tumecheza dansi mpaka viatu vikatoboka! Mama yako je, nyonga bado zinamsumbua?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilitaka kupiga kelele: Shangazi, kisima! Lakini kwetu humwombi mtu jambo zito kabla hujajua ni mtoto wa nani, na mkubwa hakatizwi. Nikaumeza ulimi wangu, mjinga mimi.

Taa nyekundu ikawaka.

"Asante sana, bibi, muda umekwisha," alisema mwenyekiti, kwa upole kabisa. Ulysse akamshika Shangazi mkono, akamtoa nje apumzike.

Nikasimama. Karani akaitazama kadi yangu. "Umeandika hutasema, bwana. Kaa."

Nikakaa. Wakaja mawakili wa kampuni, suti zimenyooka, wakaingia moja kwa moja kwenye shauri lao bila kumuulizia bibi wa mtu. Wajumbe wakapiga kura. Muswada ukafa mbele ya macho yetu, na sisi tumeshika kofia mikononi.

Njiani kurudi, Shangazi tu ndiye aliyekuwa na furaha; hakuna aliyemwambia habari ya kura. Alimaliza boudin yake, akafuta vidole, akanigeukia.

"Curley, kijana mzuri yule mwenyekiti. Macho ya Elmire kabisa! Haya, sasa tumeshafahamiana. Tunarudi lini nikamweleze habari ya kisima?"

Ulysse alikaza macho barabarani.

"Karibuni tu, Shangazi," nikamwambia.