Masazo ya Udhu

Raihana alikuwa amekwisha kufunga virago moyoni. Kilichobaki ni mikono kufuata. Na sababu yenyewe, mtu akiambiwa atacheka, ilikuwa ni ua.

Ua hilo alilinunua karibu na gati kwa mwalimu Gakii, Mmeru aliyehamishiwa shule moja ya hapo kisiwani Amu, ambaye siku za mapumziko huotesha maua ya ndani na kuyauza. Lilikuwa na majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Mwalimu, kama walivyo walimu, hakuuza bila somo.

"Hili halipendi maji mengi, dada," alimwambia. "Mizizi yake ni minene kama viazi, inajiwekea maji yenyewe. Ikilowa sana inaoza huku chini, na wewe unaangalia majani huku juu. Ukilimwagilia leo, lisahau mpaka udongo ukauke kabisa."

Raihana aliyashika maneno hayo kama msahafu. Alikuwa bi harusi wa juzijuzi, ameletwa kutoka Pate kuja kukaa na mumewe Nabhan nyumbani kwa wakwe zake. Nyumba ilikuwa na kila kitu, na kila kitu kilikuwa na mwenyewe na mahali pake. Hata sahani ya kukosea kuiweka hakuwa nayo. Ua lilikuwa kitu chake cha kwanza mle ndani, na alilipenda kupita kiasi.

Mama mkwe wake, Bi Saadiya, aliligeuzageuza, akalinusa. "Halinuki, haliliwi," alisema. "Kazi yake nini?" Kisha akaingia jikoni, akatoka na chungu kikuukuu, akampa alipandie humo. Raihana aliyasikia maneno, chungu hakukihesabu. Ndivyo tulivyo tukiwa ugenini, kofi moja la maneno linafuta hisani kumi.

Walikiweka chungu uani, karibu na mfereji wa kutawadhia, mahali penye kivuli na mwanga wa kutosha. Mwezi haukupita, jani moja likageuka manjano, likafuatwa na jingine. Mashina yakaanza kulegea chini, yakainama kama watu waliosikia habari mbaya. Raihana akafukiza ubani, akasoma alichojua kusoma. Maji hakuthubutu, maana mwalimu alimkataza.

Basi shetani akapata kazi. Kama si maji, ni jicho. Na kama ni jicho, ni la nani? Bwana Kamaludin, baba mkwe, alikuwa hana habari na lolote ila redio yake na msikiti. Nabhan alishinda dukani akiuza misumari na mabati. Aliyebaki ni yule aliyeuliza kazi yake nini. Raihana alilia kimyakimya jikoni, mwiko mkononi. Ikiwa ua lake halikuachwa liishi katika nyumba ile, yeye ataishije? Akamwambia mumewe anataka kwenda Pate kumwamkia mama yake, na siku ya kurudi hakuitaja. Nabhan, anayejua bei za misumari kuliko nyuso za watu, akasema, "Nenda, uwasalimie wote."

Siku ya safari, ua alikusudia kwenda nalo. Alitafuta mkebe mtupu wa rangi alihamishie humo, kwa sababu chungu si chake. Lakini alipolishika, shina moja lilimtoka mkononi, bichi na laini, linanuka. Akampigia simu Gakii.

"Unalimwagilia maji?" aliuliza mwalimu.

"Wallahi tangu kulipanda sijalitilia hata tone."

"Tia kidole kwenye udongo."

Raihana akatia. Kidole kilizama mpaka kwenye pete, kikatoka na tope.

"Ni tope tupu," alisema.

"Dada, ua haliwezi kuzama bila maji," alisema Gakii. "Angalia ni nani analinywesha."

Sasa lilikuwa si jicho tena, ni mkono. Adhana ya adhuhuri ikaanza, naye akaenda kukaa kwenye mlango wa stoo, mkebe mapajani, akitazama.

Alikuja kwanza Bwana Kamaludin. Alikinga kopo mferejini, akatawadha taratibu, na maji yaliyosalia akayamimina chunguni, kisha akaenda zake msikitini. Nabhan akaingia mbio kutoka dukani, akatawadha kwa haraka, akamimina ya kwake. Hakuna aliyelitazama ua. Maji matamu ya Amu hayamwagwi kwenye mtaro. Masazo ya udhu hupewa chenye kiu, mti, kuku au paka. Hiyo haiitwi kumwagilia. Ni kumaliza udhu tu.

Kisha akaja Bi Saadiya. Yeye alitawadha, akamimina, halafu akakinga kopo jingine zima na kulimimina nalo, akiligusa jani kwa ncha ya kidole.

Raihana aliinuka na hasira zake, lakini sala haingoji hasira. Akaenda mferejini, akatawadha. Alipomaliza, aliuona mkono wake mwenyewe, na kopo, umeshafika juu ya chungu. Haukumwomba ruhusa. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya tangu siku ya kwanza, sala tano kwa siku, kama mikono yote ya nyumba ile.

Kikulacho ki nguoni mwako. Raihana akacheka hadi akakaa chini, na mzigo aliokuwa nao kifuani ukashuka. Hakuna jicho, hakuna mchawi. Ni maji.

Walipokwisha kusali, alimweleza Bi Saadiya yote aliyoambiwa na mwalimu. Wakaling'oa ua pamoja. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, inateleza. Wakaikata kwa kisu. Katikati palibaki minene mitatu, migumu, myeupe ndani. Wakatoboa mkebe kwa msumari chini, wakachanganya udongo na mtanga mwingi na vipande vya makaa, wakalipanda kavu bila hata tone.

"Mama," alisema Raihana, "lile kopo la pili lilikuwa la nini?"

Bi Saadiya alijipangusa mikono kwa leso yake, polepole.

"Niliona linageuka manjano. Nikasema, ua la mwanangu likifa hapa, atasema nyumba hii hakikai kitu chake, atarudi kwao. Ndipo nikazidisha mai."

Raihana alishindwa kumtazama. "Nguo zangu nimeshazifunga, Mama. Nilikuwa naenda leo, na kurudi sikukusudia."

Mikono ya mama mkwe ikatulia juu ya leso. "Na sasa?"

"Sasa siwezi. Mwalimu amesema halipendi maji mengi, na sala ya alasiri hiyo inakuja. Nikenda, nani atawazuia?"

Bi Saadiya akamshika mkono wenye udongo, akaubana.

"Hatuna wa kutuzuia," alisema. "Kaa, mwanangu."