Taya la Sekunde Sabini

Mlango wa tanuru ulikuwa wazi na mkono wa BanaKasuba uko juu, tayari kushuka kuipa winchi ishara ya kubeba, simu ikalia mfukoni.

Simu zilipaswa kubaki kabatini. Mama huyo mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwagombeza wenzake kwa hilo. Lakini Kasuba, mwanawe wa pekee, alihamia machimboni kwenye kinu cha kuvunjia mawe, na sasa ni mwezi wa tatu kimya. Akaitoa haraka. Ilikuwa kampuni ya simu, inamtangazia bahati nasibu.

"We mla nyani, umelala?" Jere, mtani wake Mngoni, alifoka kutoka kwenye winchi. "Nibebe au nisibebe?"

"Beba, mla panya!"

Taya la kinu, bamba la chuma la kupondea mawe, likatoka jekundu lote, likazama tangini, maji yakanguruma. BanaKasuba akatazama saa iliyoning'inia shingoni mwake. Sekunde sabini tangu mlango ufunguke. Mwisho ni thelathini.

Vyuma vingine ukivitosa majini ghafla vinakuwa vigumu, vyepesi kuvunjika. Hiki cha manganizi ni kinyume. Maji ya ghafla ndiyo yanayokipa uvumilivu, kisha kila jiwe linalokigonga linakikaza zaidi. Kikichelewa hewani, kaboni inajikusanya ndani mistari mistari, na siku moja kinapasuka kama sahani. Kwa nje huoni kitu.

"Limetoka safi," alisema BashiLombe, msimamizi, taya lilipopoa. "Andika muda, mama. Lori la machimbo liko getini."

Chaki ilikuwa mkononi mwa BanaKasuba. Saa ya shingoni hakuna mwingine aliyeitazama. Akilini akamwona Kasuba akiinama chini ya taya, akichomoa jiwe lililokwama.

"Sabini," alisema. "Nilichelewa mimi. Nilishika simu."

BashiLombe akavua kofia. "BanaKasuba, una onyo moja tayari. Unajua ofisini watasemaje?"

"Waseme, baba. Lakini lirudi motoni."

Kesho yake alikula ugali wa nshima na dagaa wa kapenta peke yake kwenye benchi. Hata Jere hakumtania. Taya lilipokuwa jekundu tena, akaitia simu ndani ya bakuli tupu, akafunika, akaenda kusimama mahali pake. Mlango ukafunguka. Akainua mkono.

Kwenye benchi, bakuli likaanza kulia.

Mkono ukashuka. Taya likapita hewani, likazama; mvuke ukafunika winchi, tangi, benchi. Ndani ya mvuke bakuli lilitetemeka, likatetemeka, kisha likatulia.