Wageni Wasisikie Harufu

Zuleka alipowasha jiko la kuchemshia matumbo, moto ulikohoa mara mbili ukazima. Akatoka mbio hadi nyuma ya kichinjio cha Runyenjes, kwenye tangi la maji machafu ambalo kwa miezi minane lilikuwa likigeuza damu na mavi ya ng'ombe kuwa gesi. Leo hapakunuka mavi. Palinuka hospitali.

"Nani ametia klorini humu?"

Kananu, msichana wa chuo aliyekuja kuchunguza vijidudu vya tangi, alikuwa amekaa chini, macho mekundu.

"Mama Swaib, ni meneja. Mitungi minne. Vijidudu wangu wote wamekufa. Mimi sina utafiti, wewe huna gesi."

Ndwiga, meneja mwenyewe, akatokea na gambuti nyeupe kama meno ya bandia.

"Wageni wanakuja Ijumaa. Mlitaka wasikie harufu?"

Zuleka alimsogelea mpaka akarudi nyuma. "Hawa wadudu walifanya kazi usiku na mchana. Hawakuomba chai, hawakuomba likizo. Ukawaua, ukabaki wewe!"

"Mama, tuheshimiane."

"Heshima umeimwaga pamoja na klorini."

Akamgeukia Kananu. "Daktari, lile tope la tangi ulilonipa niweke kwenye migomba, linaweza kuzaa?"

Kananu akainua kichwa. "Bado unalo?"

"Mtungi mzima, umefungwa vilevile. Nilishikwa na uvivu, Mungu anisamehe."

"Basi wako hai!" Kananu aliruka. "Tuondoe maji haya yenye dawa, tusuuze tangi, tuwapande upya, tuwalishe mavi mabichi kidogo kidogo."

"Tuondoe, sisi na nani?" Zuleka alimtupia Ndwiga ndoo kifuani. "Muuaji huyu hapa. Shika!"

Ijumaa wageni walimkuta meneja ndani ya tangi, mavi hadi kwenye viwiko, Zuleka juu yake akimhesabia ndoo. Walidhani ndiyo kazi yake, wakamsifu sana. Zuleka hakucheka. Usiku, ndipo alipocheka.

Wiki ya sita, jiko lilishika moto, mdogo, wa buluu. Kananu alilia tena, safari hii akiandika. Ndwiga naye akaja na birika, sauti ya upole.

"Mama Swaib, niwekee chai hapo kando."

Zuleka hakugeuka.

"Kaichemshe kwa klorini."