Ufunguo Kiunoni mwa Shangazi

Shangazi yangu hana roho mbaya, na nitagombana na yeyote atakayesema hivyo. Amenilea tangu mama yangu alipofariki, amenifundisha kukata kitambaa, na akipika hunipakulia mimi kwanza. Lakini karakana yake ya kushona sare aliiendesha na ufunguo wa choo kiunoni, umefungwa kwa kamba, na hapo ndipo tulipokuwa tunashindwana.

Kisa cha ufunguo huo ni simu. Zamani mafundi waliingia chooni na simu zao, wakakaa huko wanachekeana na wachumba, huku cherehani zinapoa. Shangazi akatia kitasa. Toka siku hiyo ukibanwa unakwenda mezani kwake, unaomba, anakutazama juu ya miwani, anakuuliza kama ni haraka kweli, kisha anakupa. Hakuwahi kumnyima mtu, na hilo alilisema kwa fahari.

Taabu ni kwamba meza yake ilikuwa ubavuni mwa meza ya Mzee wa Pasi, mtu mpole wa umri wa baba zetu. Sisi wenye midomo tuliomba mbele yake bila wasiwasi. Bi Kimya hakuweza. Huyo ndiye aliyeshona vifungo, na jina hilo tulimpa sisi, maana hata akijichoma sindano utadhani ataiomba radhi sindano.

Bi Kimya alikuwa mjamzito. Kutangaza haja yake mbele ya mzee kama yule, halafu aulizwe kama ni haraka, kulimshinda kabisa, basi akaamua kutokunywa maji. Siku moja nilimkuta nyuma ya marobota ya kitambaa ameshika kiuno, jasho linamtoka. Nilimbembeleza sana ndipo akaniambia kwamba muuguzi wa kliniki amemkuta na maambukizi ya mkojo. Amempa dawa, na amemwonya anywe maji mengi na asijibane, maana mimba ya kwanza ilishatoka na hii si ya kuchezea. Nikasema twende kwa Shangazi. Akanishika mkono, akaniomba nisimtaje kabisa. Ikizidi ataacha kazi, alisema, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba yake tangu mumewe akose kibarua.

Wiki hiyohiyo akaja mnunuzi, mama mmoja mrefu mwenye kampuni ya kuuza sare. Kampuni yake hainunui nguo mahali ambapo haki za wafanyakazi zinakanyagwa, kwa hiyo alikuja kujionea mwenyewe. Shangazi alisafisha mpaka dari. Akamwonyesha mlango wa dharura, ndoo za mchanga na mikataba yetu, akamwambia hapa sisi ni familia moja, muulize yeyote. Mama akauliza, na sisi tukajibu kwamba tunatendewa vizuri. Bi Kimya aliitikia kwa kichwa, midomo imemkauka.

Kisha mgeni akauliza choo kiko wapi. Ufunguo ukatoka kiunoni mara moja, ukakabidhiwa kwa mikono miwili, pamoja na sabuni mpya na taulo ambalo mimi mtu wa nyumbani sikuwahi kuliona. Hakuulizwa kama ni haraka. Nikamtazama Bi Kimya. Alikuwa ameacha sindano hewani, anauangalia ufunguo unavyopita mbele yake. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo wetu mzima.

Oda tulipata. Jioni nyumbani Shangazi alikuwa anakoroga chungu, furaha tele, na mimi nikapiga moyo konde.

"Shangazi, yule mgeni hukumuuliza kama ni haraka."

Akasema mgeni ni mgeni. Nikamtolea uvivu: kuna mtu pale kazini ana mimba, hanywi maji kutwa nzima kwa sababu hawezi kuja kumwomba, na ameshaanza kuugua. Akauliza ni nani. Nikakataa kumtaja.

"Mimi sijawahi kumnyima mtu," alisema, mwiko umesimama.

"Hujamnyima. Lakini kwa nini aombe? Ni mtu mzima, Shangazi. Mwili ni wake."

Akaniambia nimeota pembe. Akanikumbusha nani alinilea, nani alinivisha, na nani alikesha nilipougua surua. Yote kweli. Nilimpenda sana dakika ile na nilitamani kumtikisa. Alikula peke yake, na mimi nikajipakulia mwenyewe.

Asubuhi hakunisemesha njiani. Alipofika karakana hata mkoba hakuuweka; alichukua bisibisi akauvamia mlango wa choo. Mzee wa Pasi akataka kumsaidia, akajibiwa kwamba aliyekitia kitasa ndiye atakayekitoa. Alikitoa kweli, na komeo la ndani akaling'oa pamoja nacho, mlango ukabaki unapepea. Kisha akatugeukia, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kuanzia leo hapa haombi mtu. Ukitaka kwenda, nenda. Na niliyemuumiza anisamehe, sikujua." Akautazama mlango. "Komeo seremala atalileta mchana. Kwa sasa atakayeingia aimbe, tujue kuna mtu."

Tulicheka mpaka Mzee wa Pasi akaweka pasi chini. Shangazi hakucheka. Alijaza maji kwenye bilauri, akaenda moja kwa moja kwa Bi Kimya. Mimi jina sikulitoa. Nadhani alikuwa amekesha akitupitisha mmoja mmoja kichwani.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Kunywa utakavyo."

Bi Kimya akanywa yote, akaomba nyingine. Baadaye kidogo akainuka, akapita mbele ya meza ya Shangazi bila kusema neno, akaingia akaurudishia mlango. Tukasubiri. Ikatoka sauti nyembamba, iliyopinda, ya wimbo wa shule ya vidudu. Tulikuwa hatujawahi kumsikia mtu huyu akipaza sauti. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, na mimi, nikijua Shangazi asivyopenda kuziona zimelala, nikaharakisha kukanyaga yangu.

Shangazi akaniwekea mkono begani.

"Acha," alisema. "Mwache amalize."

Na Bi Kimya akauimba wimbo wote.