Ibada ya Shukrani kwa Mgongo wa Bosco

Nasimiyu alipoingia uani kwa Mama Debra, mtaa wa Jamhuri, alikuta hema, viti vya kukodi na mbuzi akichomwa. Yote hayo kwa ajili ya mbwa asiyeweza hata kusimama.

Bosco, mrefu wa mgongo na mfupi wa miguu, alilazwa mkekani amefungwa utepe shingoni. Wiki iliyotangulia aliruka kutoka sofani, kisahani kilicho kati ya pingili mbili za mgongo kikapasuka na kubana neva. Nasimiyu, daktari wa mifugo mwenye kliniki Hurlingham, alimpima akasema wazi: bado ana hisia, apasuliwe upesi, hisia zikipotea, huenda asitembee tena. Mama Debra akalia, akaenda nyumbani kuliombea jambo hilo, na katika kuomba akampata Quincy.

Quincy aliuza seli shina, chembe hai changa zinazosemekana kukua na kuziba palipoharibika, alizozibeba katika kikasha cha kupozea soda; tayari alikuwa amemdunga Bosco. Nasimiyu hakuwa na ugomvi na seli shina. Alikuwa amesoma majaribio yaliyofanyiwa mbwa: machache, yakitia moyo hapa na kukatisha tamaa pale, na hakuna hata moja lililodai kwamba sindano huondoa kitu kinachobana neva. Aliyemdharau ni mtu wa kuvaa koti jeupe penye nyama choma.

"Karibu, dokta!" Quincy alipaza sauti hema zima lisikie. "Nyinyi wa Hurlingham mnajua kisu tu."

Watu wakacheka.

"Nimeitwa na mwenye mbwa," Nasimiyu alijibu. "Endelea na maajabu yako."

Quincy akainama, akafinya ngozi ya kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ukajikunja. "Mmeona? Hizo ni seli ziko job!"

"Haleluya!" akadakia Mchungaji Mulwa. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nasimiyu hakuutazama mguu. Mguu hujikunja wenyewe, hata wa mbwa ambaye uti wake wa mgongo umekatika kabisa. Alitazama kichwa. Bosco alikuwa amemkazia macho yule mbuzi, wala hakugeuka, kama asiyehisi chochote. Hapo Nasimiyu akaogopa: huenda wamechelewa.

"Mguu si shahidi," alisema. "Mwenye mguu ndiye aseme. Nataka kumbana mfupa."

"Zii! Vyuma vinaua seli. Nilimwambia mama."

Nasimiyu akatoa koleo. "Hii ni koleo tu. Kama seli zako ziko kazini, unaogopa nini? Mshike wewe mwenyewe."

Mbele ya umati ule, Quincy hakuwa na pa kukimbilia. Akamshika. Nasimiyu akakibana kidole hadi mfupani, akazidi kubana. Bosco akapiga ukelele, akageuka na kumng'ata Quincy kiganjani.

Hema likalipuka kwa shangwe. "Ameponywa!" Mama Debra akapiga magoti. "Daktari, umeona? Seli zimejibu! Sasa upasuaji wa nini tena?"

Ujinga, Nasimiyu aliwaza, una miguu minne mizima.

"Kaka, kadungwe chanjo ya kichaa cha mbwa," alimwambia Quincy. "Hiyo imethibitishwa." Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Mama Debra, siku ile kliniki nilipomgusa kidole hichohicho, alifanya nini?"

"Alikuuma," alisema Mama Debra.

"Kabla ya seli?"

"Kabla."

"Na siku ile niligusa tu. Leo nimebana mpaka mkono umeuma. Hisia zinakwisha, mama. Ukitaka kumshukuru Quincy, mshukuru mpaka Krismasi, lakini mbwa apasuliwe leo."

Mama Debra akalitazama hema, akamtazama mchungaji. "Na hawa wageni nitawaambia nini?"

Uti wa mgongo ulikuwa ukipimwa kwenye mizani moja na aibu mbele ya wageni. Nasimiyu alimeza jibu la kwanza lililomjia.

"Waambie nyama imeiva."

Bosco akalia tena, sauti nyembamba. Mama Debra akainuka, akafuta magoti.

"Pasta, tufunge na sala. Fupi, tafadhali."

Haikuwa fupi. Kabla ya amina, wanawake hao wawili walikuwa wamemfunga Bosco kwa leso juu ya ubao wa kukatia nyama, mgongo usipinde, wakaelekea garini. Nyuma yao watu walipiga makofi. Nasimiyu hakugeuka kuona walimpigia nani.